Kuelewa Haidroliki ya Massey Ferguson 135 na Matrekta ya Ukoo Wake: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Trekta Kuukuu

Trekta kuukuu linapokataa kuinua plau, neno la kwanza linalosemwa shambani ni kwamba pampu imekufa. Mwenye trekta hutafuta fedha, pampu nyingine hununuliwa, mara nyingi ikiwa imetumika tayari, na baada ya siku mbili za kufungua na kufunga, plau linabaki chini vilevile. Mwongozo huu umeandikwa ili kuzuia hasara hiyo. Katika matrekta ya ukoo wa Ferguson, yaani TE20, 35 na 135, pampu ni kifaa kigumu ambacho huchelewa kuchakaa, na kabla ya kuilaumu kuna mambo matano au sita ambayo kwa kawaida ndiyo chanzo cha tatizo, ambayo baadhi yake humalizwa kwa mpira wa bei ndogo au kwa lita chache za mafuta.

Nimeichagua 135 kuwa mfano mkuu kwa sababu ndiyo ambayo fundi wa Afrika Mashariki hukutana nayo mara kwa mara, na kwa sababu anayeielewa ataielewa pia 35 bila shida, na hata TE20 akikumbuka tofauti chache nitakazozitaja.

Wazo lililo nyuma ya mfumo

Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliliona tatizo ambalo wakulima wa wakati wake walilijua kwa uchungu: plau lililokuwa likivutwa nyuma ya trekta kwa mnyororo au fimbo moja liliponasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na trekta likapinduka juu ya dereva. Jibu lake lilikuwa kuifunga zana kwenye trekta kwa mikono mitatu, miwili ya chini inayovuta na mmoja wa juu unaosukumwa, na kisha kuyafanya mafuta yenye shinikizo yaamue kina cha zana. TE20, iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, ilitoka kiwandani kwa idadi iliyozidi 500,000. Baada ya kampuni ya Ferguson kuungana na Massey-Harris mwaka 1953 likaja trekta la 35, na mwishoni mwa 1964 likafuata 135. Maumbo yalibadilika na nguvu za injini zikaongezeka, lakini mpangilio wa haidroliki ulibaki uleule katika misingi yake.

Msingi wenyewe ni rahisi. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda moja iliyo chini ya kifuniko cha juu cha sehemu ya nyuma, kile kinachokaa chini ya kiti. Pistoni husukumwa, nayo huizungusha shafti ya kunyanyulia, na shafti hiyo huipandisha mikono miwili ya juu ambayo imeunganishwa kwa fimbo na mikono ya chini inayobeba zana. Kurudi chini hakuhitaji pampu: mafuta huachiwa yatoke, na uzito wa zana wenyewe huirudisha pistoni. Ndiyo maana mfumo huu huinua kwa nguvu lakini haukandamizi, na anayetarajia haidroliki hii isukume zana iingie ardhini anadai kitu ambacho haikuumbiwa.

Ili kupata picha ya nguvu inayofanya kazi humo, chukulia silinda yenye kipenyo cha sentimita 6. Eneo la pistoni yake linakaribia sentimita za mraba 28. Mafuta yakiwa na shinikizo la bar 170, ambalo kwa kipimo kingine cha shinikizo ni sawa na psi 2,500 hivi, pistoni hiyo inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4.9. Nguvu hiyo hupungua sana inapofika kwenye ncha za mikono, kwa sababu mikono ni mirefu, lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini mpira mmoja uliochanika unaweza kuumaliza uwezo wote wa kunyanyua, na pia kwa nini hupaswi kuweka kiganja karibu na mafuta yanayochirizika kwa shinikizo.

Pampu inayozuiwa kwenye mdomo

Hapa ndipo penye siri ya matrekta haya, na naomba msomaji asiparuke. Katika mifumo mingi ya haidroliki, pampu husukuma mafuta wakati wote, na valvu iliyo mbele yake huamua kama yaende kwenye silinda au yarudi tangini. Ferguson aliigeuza hali hiyo. Valvu yake ya kuongoza imewekwa upande ambao pampu inanyonyea. Valvu ikifunguka upande wa kuingiza, pampu hupata mafuta na kuinua. Ikikaa katikati, pampu inaendelea kuzunguka lakini hainyonyi kitu, na mafuta yaliyomo ndani ya silinda yanabaki yamefungiwa yakiishikilia zana. Ikisogea upande wa pili, mafuta ya silinda hupata njia ya kutoka na zana hushuka.

Pampu yenyewe ina pistoni nne zinazosukumwa na ekseni mbili, yaani duara zisizozungukia kitovu chake, zilizo kwenye shafti yake, na yote imezama ndani ya mafuta yaleyale yanayolainisha giaboksi na difu. Kutokana na hayo kuna mambo matatu ya kukumbuka. La kwanza, pampu isiyoinua si lazima iwe mbovu. Huenda mdomo wake haufunguliwi tu, kwa sababu leva za ndani zimelegea, zimepinda au zimechomoka. La pili, mafuta machafu ya giaboksi ndiyo mafuta machafu ya haidroliki, kwa hiyo unga wa chuma uliotoka kwenye meno ya gia huishia kuikwaruza valvu. La tatu, kiwango cha mafuta kikipungua, pampu hunyonya hewa, hasa trekta likiwa kwenye mteremko ambapo mafuta hukimbilia upande mmoja. Nimeona trekta lililoinua vizuri kabisa uwanjani na kukataa kila lilipofika kwenye shamba la mlimani, na dawa yake ilikuwa lita nne za mafuta.

Jambo jingine la kufahamu ni jinsi pampu inavyopata mwendo. Inazungushwa na shafti inayokwenda PTO, yaani ncha ya nyuma inayozungusha zana kwa nguvu ya injini, kwa hiyo klachi ikikanyagwa hadi chini kabisa, pampu husimama. Kwenye 135 yenye klachi ya hatua mbili, kukanyaga hadi nusu husimamisha magurudumu na kuiacha pampu ikiendelea kufanya kazi. Kwenye TE20 ni lazima leva ya PTO iwe imeingizwa, la sivyo pampu haizunguki hata kidogo. Dereva aliyezoea 135 akipanda TE20 kwa mara ya kwanza anaweza kudhani haidroliki imekufa, kumbe leva moja tu haijasukumwa.

Springi ya mkono wa juu

Mkono wa juu wa zana haukufungwa moja kwa moja kwenye chuma cha trekta. Umefungwa kwenye kishikio kilichounganishwa na springi nene iliyo nyuma, chini ya kiti. Plau likiwa ardhini, udongo hulivuta nyuma kwa chini, na juu linataka kuinamia mbele; kwa hiyo mkono wa juu unaisukuma springi. Udongo ukiwa mgumu zaidi, springi hubonyea zaidi, na fimbo iliyoungana nayo huisogeza valvu ili plau lipande kidogo. Udongo ukilainika, springi hurudi na plau hushuka. Huo ndio udhibiti wa mvuto, na unapofanya kazi sawasawa utaiona mikono ikitetemeka polepole juu na chini wakati wa kulima. Kutetemeka huko si ugonjwa.

Leva ya pili kwenye ubao wa leva ni ya udhibiti wa kimo. Hii huifanya mikono isimame pale ulipoiweka bila kujali ugumu wa udongo, na ndiyo inayofaa kwa kinyunyizio, kwa kusawazisha barabara, au kwa kubebea zana njiani. Katika matrekta mengi ya 135, sehemu ya chini ya njia ya leva hii imeandikwa alama za kasi ya kushuka, na unapolima kwa udhibiti wa mvuto huishusha leva hadi eneo hilo kisha ukachagua mwitikio wa haraka au wa polepole. Juu kabisa, kupita kizuizi, kuna nafasi ya kusukuma mfululizo, ambayo ni ya kupeleka mafuta nje, kwa mfano kwenye jeki ya tela. Kuiacha leva hapo wakati hakuna kazi ya nje ni kuilazimisha valvu ya usalama ifunguke bila kukoma na mafuta yachemke, na kelele ya mluzi utakayoisikia ni malalamiko ya haki.

Ukaguzi, hatua kwa hatua

Kabla ya yote, usalama. Usiingie kamwe chini ya zana iliyoshikiliwa na mafuta peke yake. Iweke juu ya magogo au stendi imara. Usitafute uvujaji wa mafuta yenye shinikizo kwa kidole. Tumia kipande cha katoni. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo yanaweza kupenya ngozi bila kuacha jeraha kubwa, na anayepatwa na hilo anapaswa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, kwa kuwa madhara hutokea ndani baadaye.

Hatua ya kwanza ni mafuta. Liweke trekta mahali tambarare, shusha mikono hadi chini, zima injini na subiri dakika kadhaa. Chomoa kijiti cha kupimia kilicho kwenye kifuniko cha ubavuni, kifute, kirudishe, kisha kisome. Mfumo mzima wa nyuma hubeba kiasi kinachokaribia lita 30, kwa hiyo kupungua kidogo kwenye kijiti ni lita nyingi kuliko unavyodhani. Tazama rangi pia. Mafuta yenye weupe kama chai ya maziwa yameingiwa na maji, na njia yake ya kawaida ni mpira uliochanika chini ya leva ya gia, hasa kwa trekta linalolala nje wakati wa masika. Mafuta ya namna hiyo humwagwa yote. Kuongeza mapya juu yake ni kupoteza fedha.

Katika kununua mafuta, tafuta yale ya trekta yanayohudumia giaboksi, haidroliki na breki kwa pamoja, ambayo galoni zake huandikwa UTTO, na ulinganishe na kitabu cha trekta lako. Mafuta mazito ya giaboksi za malori ni adui wa mfumo huu, kwa sababu pampu inayozuiwa kwenye mdomo hushindwa kuyanyonya yakiwa ya baridi asubuhi, kisha mchana yakipata joto trekta linaonekana limepona.

Hatua ya pili ni kupima bila mzigo na kwa mzigo. Washa injini, iache izunguke kwa kasi ya wastani, na uipandishe leva ya kimo mikono ikiwa mitupu. Halafu funga zana uliyoizoea na urudie. Andika unachokiona: imeinua kwa ulaini, kwa kurukaruka, au haikuinua kabisa. Kisha, zana ikiwa juu na watu wakiwa mbali, zima injini na uangalie inachukua muda gani kushuka. Kushuka polepole kwa muda wa saa nzima katika trekta la umri huu si jambo la kukukosesha usingizi. Kushuka ndani ya dakika moja au mbili ni uvujaji halisi.

Hatua ya tatu ni kufungua macho ndani. Punguza mafuta kiasi, ondoa kifuniko cha ubavuni, na umulike kwa tochi. Utaiona pampu, na utaiona leva ya wima inayotoka juu na kuifikia valvu. Msaidizi akiwa amekaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, asogeze leva za ubao juu na chini. Leva ya wima ni lazima iende nazo. Isipokwenda, au ikiwa imetoka kwenye sehemu yake, umepata ugonjwa bila kugusa pampu. Baada ya ukaguzi huo injini inaweza kuwashwa kwa mwendo wa chini, huku mikono na nguo zikiwa mbali na tundu, ili uone mafuta yanamwagikia wapi wakati zana imeinuliwa. Rudisha kiwango cha mafuta cha kutosha pampu kuzama kabla ya kufanya hivyo.

Mahali ambapo huvuja mara nyingi ni bomba fupi la wima linaloyapeleka mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye kifuniko cha juu. Miisho yake imezibwa kwa mipira ya duara, na mipira hiyo hukauka, hukatika, au huumia fundi anaporudisha kifuniko bila kulilenga bomba sawasawa. Mafuta yakimiminika pembeni mwa bomba hilo, acha kuwaza pampu. Yakitiririka kutoka mdomo wa silinda iliyo chini ya kifuniko, basi ni ringi au mpira wa pistoni ya kunyanyulia. Ikiwa bomba na silinda ni vikavu na bado zana inashuka, shaka inahamia kwenye valvu ya kuongoza na valvu ndogo za pampu.

Hatua ya nne ni geji. Kwenye kifuniko cha juu kuna tundu la kutolea mafuta ya nje, ambalo huzibwa kwa plagi. Shusha mikono kabisa, zima injini, ondoa plagi na ufunge geji inayosoma hadi bar 350, usitumie geji ya tairi au ya kompresa. Washa, weka leva kwenye kusukuma mfululizo kwa sekunde chache tu, na usome shinikizo ambalo valvu ya usalama inafungukia. Kwa 35 na 135 tarajia kati ya psi 2,500 na 3,000 kulingana na toleo. Likifika huko, pampu yako ni nzima, na anayekushauri uibadilishe anataka kuuza pampu. Likiishia chini sana huku hakuna uvujaji ulioonekana, hapo ndipo valvu ya usalama na pampu vinapostahili kufunguliwa.

Kusoma dalili

Trekta lisiloinua kabisa, baada ya mafuta na klachi kuthibitishwa, kwa kawaida lina leva ya ndani iliyoachana na valvu au valvu iliyoganda. Kuganda hutokea kwa trekta lililosimama misimu kadhaa. Katika 35 na 135 kuna kifaa kidogo kinachoitikisa valvu wakati wote pampu inapozunguka ili isishike. Kikivunjika, valvu hunata na mikono huitika kwa kuchelewa kisha kwa ghafla.

Kuinua kwa kurukaruka kunaashiria ama hewa, ama moja ya vyumba vya pampu kutosukuma. Hewa utaitambua kwa povu kwenye kijiti. Kama hakuna povu na mruko unarudi kwa mpigo ulio sawa na mzunguko wa pampu, huenda kuna valvu ndogo iliyokwama kwa uchafu.

Zana ikipanda na kushuka kidogo kila baada ya sekunde chache ukiwa umeibeba juu, sababu yake ni kwamba mafuta yanavuja, mikono inashuka, leva ya kimo inahisi, pampu inajaza tena. Huu ni uvujaji uleule wa bomba, silinda au valvu, ila umevaa nguo nyingine.

Plau lisilodumisha kina wakati kila kitu kingine ni kizima hutupeleka kwenye springi ya mkono wa juu. Kishike kishikio chake na ukivute mbele na nyuma. Hakipaswi kucheza hata kidogo, na bado kinapaswa kuweza kuzungushwa kwa mkono. Kikicheza, legeza kifungio chake, zungusha kishikio hadi mchezo uishe, kisha funga tena. Springi iliyoshikwa na kutu isiyosogea kabisa ni ya kufungua, kusafisha na kupaka grisi; madereva wengi wamelima miaka kwa springi iliyokufa wakidhani kwamba ndivyo trekta lilivyo.

Ikilazimu kuifikia pampu

Kwa 35 na 135 kifuniko cha juu hutoka kwanza, na ni kizito, kwa hiyo tumia winchi au watu watatu wenye subira, si kijana mmoja mwenye nguvu. Shafti ya PTO huvutwa nyuma, pini mbili zinazoishikilia pampu kutoka ubavuni huondolewa, kisha pampu hutolewa. Piga picha za simu kila hatua, hasa jinsi leva ya wima ilivyokaa. Safisha sehemu zote kwa dizeli safi na uzikaushe bila tambara linaloacha nyuzi. Badilisha mipira yote hata inayoonekana mizuri, kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko kazi ya kufungua mara ya pili. Wakati wa kurudisha kifuniko, hakikisha leva ya wima imeingia mahali pake na bomba fupi limelenga tundu lake kabla hujakaza bolti yoyote. Kifuniko kikikataa kukaa, usikivute kwa bolti, kiinue uangalie.

Na kama trekta lako huendesha jeki ya tela, kumbuka kwamba mafuta ya jeki hiyo yanatoka kwenye kisima kilekile cha giaboksi. Tela likiinuka, kiwango cha mafuta nyuma kinashuka, na likifungwa kwa trekta la jirani kisha likarudi, linarudi na mafuta ya jirani pamoja na uchafu wake. Mimi hufuta vichwa vya paipu kabla ya kuunganisha na huzuia tela langu lisiazimwe bila trekta lake, jambo ambalo limenipa sifa ya ubahili kijijini, nami nimeikubali.